Mzee Trei na Mayai ya Wenye Hasira

Ndugu, majirani, na nyinyi wafanyakazi wa kiwanda cha mikate, mimi ni dada yake marehemu, fundi cherehani, niliyemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa kaka yangu mbele yenu. Kabla sijaanza, tazameni karatasi mlizoshika. Wasifu uliochapwa unaishia kwenye kifo, na chini yake pameachwa peupe. Mchapaji hakukosea. Orodha ya waliobaki haikuchapwa kwa sababu mpaka jana jioni familia ilikuwa haijakubaliana nani awemo. Nitaisoma kwa mdomo mwishoni. Najua wapo waliokuja kusikia hiyo tu, kwa hiyo wakae vizuri, hawataipata mapema.

Mmeona pia kwamba viti vimepangwa na watu wa kiwandani, na kwamba binti wa marehemu alipotaka kubeba ndoo ya maji alinyang'anywa. Nilitoa amri hiyo mimi, nami nilipewa na marehemu. Sababu yake nitaieleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na mama alifuga kuku uani. Nyinyi mliomjua uzeeni, mtulivu kama maji mtungini, hamtaamini kwamba jina lake la utotoni lilikuwa Kiberiti. Akishindwa kwenye gololi, anawaka. Akiambiwa kaptula yake ina kiraka, na kweli ilikuwa nacho, anawaka. Baba alijaribu fimbo, na ikawa anaongeza kuni motoni.

Mama alitumia njia nyingine. Siku moja marehemu alirudi nyumbani akiwa amemng'ata mtoto wa jirani sikio, na bado anatafuta la pili. Mama hakumhubiria. Alimwekea mikononi trei ya mayai, akamwambia aipeleke kwa mwenye duka mwisho wa barabara, na likivunjika hata moja asirudi. Sasa mtu mwenye trei ya mayai hawezi kukimbia wala kupiga teke. Hata kununa hawezi kununa vizuri, maana lazima aangalie anapokanyaga. Aliporudi alikuwa analia. Mama akamuuliza, analia nini tena? Akasema baba alikuja shuleni na rangi kichwani, watoto wakamcheka. Kumbe tangu asubuhi haikuwa hasira, ilikuwa aibu, na mtoto wa jirani alikuwa ameng'atwa sikio kwa kosa lisilo lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Alama zake zilikuwa za wastani, na nisiwadanganye kwa sababu amelala hapa. Kilichobaki kwenye kumbukumbu za wenzake ni kwamba, akiudhiwa, alikuwa akiomba ruhusa kwa mwalimu abebe madaftari ya darasa zima kuyapeleka ofisini. Mwalimu wa darasa alidhani amepata mtoto mtiifu. Hakujua kwamba kila safari ya madaftari ilikuwa imeokoa pua ya mtu.

Mwaka 1973 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate kama mbeba unga, akapanda hadi mkandaji, na mwaka 1984 akawa msimamizi wa zamu. Hapo ndipo alipopata jina la Mzee Trei. Kiwanda kina joto, kina kelele, na watu wake wamesimama tangu alfajiri. Ugomvi ulikuwa wa kila siku. Waliogombana waliitwa stoo, kila mmoja akapewa trei ya mayai, wakaambiwa waipeleke chumba cha kukandia kwa kupitia uani, ndipo warudi waseme. Wakirudi, marehemu alikuwa na swali moja tu: "Ukiitoa hasira, chini yake kuna nini?" Vijana walicheka sana. Walisema keki za kiwanda kile ni tamu kwa sababu wafanyakazi hawapatani, na mayai hayakosekani. Lakini walijibu. Mmoja akasema ana wivu, mwenzake amepandishwa cheo. Mwingine akasema mtoto wake yuko hospitali na hakuna aliyemuuliza. Marehemu aliamini kwamba mtu asiyejua kilichomo moyoni mwake atamtandika nacho aliye karibu, na aliye karibu kwa kawaida ni yule asiye na hatia.

Mwezi Oktoba 1991 imani hiyo ilipimwa. Komeo la mlango wa tanuri kubwa lilikuwa limelegea kwa muda mrefu, na meneja alikuwa ameambiwa. Asubuhi moja mlango ulifunguka wenyewe ukamuunguza mkandaji mkono mzima. Mkandaji alipochukuliwa kupelekwa hospitali, wenzake walizima mashine, wakamfungia meneja ofisini kwake juu ya ngazi, wakasimama chini wakiwa wameshika zile mbao ndefu za kutolea mikate. Walikuwa wamepandisha mori. Meneja alikuwa na simu mkononi anataka kuita polisi. Wote mnajua siku kama hizo huishia wapi.

Marehemu alitoka stoo akasimama katikati yao. Hakuwaambia watulie. Alikuwa akisema kwamba tangu dunia iumbwe hajatulia mtu kwa kuambiwa tulia. Aliwaambia: "Mna hasira, na ni haki yenu. Lakini naona na kitu kingine. Mnaogopa. Kila mmoja wenu anaangalia mkono wake mwenyewe."

Mbao zilishuka kidogo. Akapanda ngazi na trei ya mayai. Kule juu alimuuliza meneja anajisikiaje. Meneja akasema yeye ni bosi, hajisikii chochote. Marehemu akamwona midomo inavyotetemeka, akampa trei, akamwambia wanashuka pamoja. Meneja akauliza, na wakinipiga je? Marehemu akamwambia hajawahi kuona mtu akipigwa akiwa amebeba mayai.

Walioshuhudia wanasema ngazi zile hazijawahi kuwa ndefu namna ile. Meneja anashuka, jasho linamtiririka, mayai yanagongana. Chini watu wamemkazia macho. Alipokaribia chini, mmoja wa wale waliokuwa wameapa kumvunja miguu akasema, "Angalia ngazi ya mwisho, imelegea." Meneja akaivuka. Akafika sakafuni, hajui trei aiweke wapi, akabaki ameishika, na akiwa ameishika hivyo akasema: "Niliambiwa komeo ni bovu. Nikapuuza." Tanuri halikuwashwa tena mpaka mlango ulipobadilishwa, na mkandaji alitibiwa kwa gharama ya kiwanda. Yupo hapa leo. Amepanga viti kwa mkono ule ule. Siku ile yai moja tu lilivunjika, na aliyelivunja ni marehemu mwenyewe akiirudisha trei stoo, maana miguu ilimwishia.

Tarehe 12 Agosti 1978 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi wa wadi ya watoto. Wifi alikuwa akilalamika kwangu kwamba hawezi kugombana na mume huyu. Akianza, anasikilizwa kwa makini mpaka anasahau alichokuwa anadai. Walijaliwa watoto wawili: binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mtoto wa kiume, fundi wa friji.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kazini marehemu alikuwa anauliza. Nyumbani, kwa mwanawe wa kiume, alikuwa anajibu. Mtoto akitupa kijiko, baba anamwambia, una wivu na dada yako. Akinuna, anaambiwa, hiyo ni aibu. Akiwa kijana ameachwa na msichana, hajavua hata viatu, baba yuko mlangoni anamweleza moyo wake ulivyo. Na ubaya wa kaka yangu ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Siku moja kijana alimwambia, "Baba, niachie hata moja niijue mwenyewe." Sote mezani tulicheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Kijana hakucheka.

Wifi yangu alifariki mwezi Machi 2011, ghafla, akiwa kazini. Wengi wenu mlikuwepo kwenye maziko yake, na mliona kilichotokea, ingawa kwa adabu mmekuwa mkijifanya hamkuona. Kijana alikuwa pale kaburini amekunja ngumi, sauti inaanza kumtoka. Marehemu akamwendea. Sisi tulidhani anakwenda kumkumbatia. Akampa viti vitatu vya kukunja, akamwambia, "Shika hivi kwanza, vipeleke nyuma."

Kijana alimtazama. Akasema, "Baba, mama amekufa. Mimi siyo mfanyakazi wako."

Hakuvitupa vile viti. Aliviweka chini kimoja kimoja, polepole, kama mayai. Kisha akatembea hadi langoni akatoka, na tangu siku ile hakukanyaga tena nyumbani kwa baba yake.

Marehemu alistaafu mwaka uliofuata. Alimtumia mwanawe ujumbe mara nyingi. Nilimwomba siku moja anisomee anachoandika, akanisomea: "Mwanangu, najua unavyojisikia." Nikamwambia kaka, huo siyo ujumbe, hiyo ni trei nyingine. Hakunielewa. Mtu aliyeelewa kiwanda kizima hakuelewa sentensi moja ya dada yake, na mimi sikuwa na subira ya kumweleza mara ya pili.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa halali bila mito mitatu mgongoni. Binti yake alihamia kwake na watoto wake wawili. Nataka hili lisikike vizuri. Binti huyu alimwogesha baba yake, alimpimia dawa, alisahihisha mitihani ya wanafunzi akiwa amekaa pembeni ya kitanda, na hakuna siku aliyosema amechoka. Kila kengele ya mlango ilipolia marehemu aliinua kichwa, na kila mara alikuwa ni jirani au muuza maziwa. Binti alikuwa anaona kichwa kile kinavyoinuka na kinavyorudi kwenye mto. Hakusema kitu. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe tumeusikia wiki hii.

Mwezi Mei mwaka huu nilikwenda mwenyewe kwenye karakana ya kijana. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, amejaa vumbi, nywele zimeanza mvi kama za babu yake, yule mpaka rangi. Alinipa stuli, akanipa maji. Nikamwambia baba yako anaondoka, njoo. Akanijibu bila kuinua uso:

"Shangazi, nikija ataniambia ninavyojisikia kabla sijakaa. Na mimi mpaka leo sijui ninavyojisikia. Nataka nijue kwanza."

Nilikuwa nimekwenda na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Nilirudi nayo.

Nilimpelekea marehemu jibu hilo kama lilivyo. Alifumba macho, nikamshika mkono kuona kama mapigo yapo. Kisha akaanza kulia. Simzungumzii mtu anayefuta jicho kwa kitambaa. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na mbili, na binti yake akaja mbio kutoka jikoni. Alikuwa anamlilia mke wake, aliyekuwa kaburini mwaka wa kumi na tatu, na hakuwahi kumlilia. Alipopata pumzi alituambia sote wawili:

"Siku ile sikumpa viti ili atulie yeye. Nilimpa ili nitulie mimi. Angelia yeye, na mimi ningelia, na nilikuwa naogopa nisingeweza kunyamaza."

Akaniambia nipige simu palepale. Nikauliza nimwambie nini mtoto. Akasema: "Mwambie sijui. Mwambie sijui anavyojisikia, nataka aje aniambie. Nitakaa kimya."

Nikapiga. Kijana akapokea akiwa karakanani. Nilikuwa nasikia friji zikiunguruma. Akasema atakuja, ila ana kazi ya watu ameshaahidi, na anataka kuja na mwanawe. Atakuja Jumapili ya tarehe 16 Juni. Nilipomwambia marehemu, alimwomba binti yake amtolee lile shati la bluu, linyooshwe, litundikwe mlangoni alione.

Siku ile ile alinipa amri niliyoitaja mwanzoni. Alisema, "Siku yangu ikifika, watoto wangu wasishikishwe kitu. Wasibebe kiti, wasibebe maji. Mikono yao iwe wazi. Mwenye kulia alie, mwenye hasira aje nayo. Na wewe usijaribu kuwatuliza, nakujua."

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Shati la bluu bado lilikuwa mlangoni. Ndilo amevaa sasa.

Hapo ndipo karatasi zenu zinapoishia. Yanayofuata nimeyaandika asubuhi hii kwa kalamu.

Juzi, tulipokaa kuandika orodha ya waliobaki, binti wa marehemu alisema wazi kwamba jina la kaka yake likisomwa, yeye ataondoka hapa kaburini. Alisema aliyeshindwa kuja kuuguza asije kusomwa. Alisema kulikuwa na Jumapili ngapi katika miaka kumi na mitatu, na kwa nini achague ile ambayo baba hakuifikia. Wajomba wakamwambia damu ni nzito kuliko maji. Shemeji mmoja akamwambia hasira hasara. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeamriwa ninyamaze, na msidhani ilikuwa rahisi. Hasira yake ni ya haki. Ameifanyia kazi miaka miwili.

Jana jioni mchapaji alipiga simu anataka jibu, na hatukuwa nalo. Nikamwambia aache peupe.

Leo asubuhi nilikuwa namfunga binti vifungo vya gauni mgongoni. Nilimshonea mimi hilo gauni, na amekonda, limempwaya. Alikuwa amenipa mgongo, na bila kugeuka akasema: "Shangazi, chini yake nimepata. Nilikuwa naogopa kwamba akija, baba atamfurahia yeye kuliko alivyowahi kunifurahia mimi. Sasa baba hayupo wa kufurahia mtu, na bado naogopa." Nikaendelea na vifungo. Baadaye akasema: "Msome na yeye. Lakini mtu asiniambie leo nimsamehe."

Basi mmesikia. Hakuna mtu wa kumwambia. Wajomba, na nyinyi.

Na wewe uliyesimama kule langoni tangu tuanze, na mtoto amekushika suruali. Ulisema Jumapili, na leo ni Jumapili. Njoo karibu. Wala huhitaji kuja unajua unavyojisikia.

Marehemu ameacha binti yake, mwalimu wa hesabu, aliyemshika mkono mpaka mwisho. Ameacha mwanawe, fundi wa friji, ambaye baba amemngojea na shati la bluu. Ameacha wajukuu watatu, wawili waliomchekesha alipokuwa hawezi kuinuka, na mmoja tuliyemwona leo kwa mara ya kwanza, ana masikio ya babu yake. Ameniacha mimi dada yake, na kaka yetu mkubwa ambaye hakuweza kusafiri. Ameacha kiwanda kizima cha watu wanaojua kutembea na mayai.

Nikimaliza tutatia udongo. Wataanza watoto wake, kwa mikono yao, na hicho ndicho kitu pekee watakachoshika leo. Wakitaka kusimama pande mbili za kaburi, wasimame. Wakikaribiana, msiwapigie makofi. Tafadhali msimpe mtu kitambaa mpaka akiombe.

Kaka, uliahidi akija utakaa kimya. Amekuja. Lala salama, na ahadi yako tumeiona.